Siku Mbili Unguja, na Shemeji Asiyetaka Kwenda

 Rundo la barua mezani kwangu halipungui. Mwezi huu nimechomoa moja tu, maana nilipoimaliza nilikaa kimya kidogo. Dada mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, anasema yeye na mume wake wana miaka kumi na moja ya ndoa na watoto watatu, na katika miaka yote hiyo wamesafiri pamoja mara tano. Zote tano ni misiba. Yaani ukiwaona hao wawili wamepanda basi pamoja, ujue kuna mtu kafa.

Sasa dada amejikusanyia laki sita, elfu tano tano na elfu kumi kumi, na anataka wikiendi moja aende na mume wake Mji Mkongwe, Zanzibar, siku mbili warudi. Baba watoto kagoma. Anasema Zanzibar ni ya wazungu na maharusi, na kwamba laki sita ni mabati ya nyumba ya mama yake kijijini. Dada anauliza mambo mawili: afanyeje mzee akubali, na akikubali waende wapi, maana hana ndugu wala rafiki Unguja na hataki "kuzungushwa kama mtalii". Mwishoni kaandika mstari ambao ndio ulioninyamazisha: "Watoto wakilala mapema tunakosa la kuongea, tunawasha tivii."

Jamani.

Shemeji, kama mama watoto ameliacha jarida hili mezani likiwa wazi kwenye ukurasa huu, ujue hajalisahau. Lakini kwanza niseme na dada. Mabati ya mama mkwe usiyadharau. Ukishindana na mama mkwe umefungwa kabla ya filimbi kupulizwa, na kusema kweli mwanaume anayekumbuka paa la mama yake si mtu wa kulaumiwa. Kwa hiyo fanya hivi: chukua laki mbili, mtumie mama kwa simu wiki moja kabla ya safari, mbele ya mume wako, halafu mwonyeshe meseji. Zinabaki laki nne. Kwa mahesabu yangu ya kibahili, watu wawili wasiotaka makuu wanaweza kwenda Unguja Ijumaa na kurudi Jumapili kwa hizo, mradi nauli na chumba vilipwe mapema na msiingie kwenye hoteli zenye mabwawa ya kuogelea. Piga simu uhakikishe bei za wiki hiyo, maana hubadilika na msimu.

Na hilo la "Zanzibar ni ya wazungu", shemeji, lina dawa yake, nayo ni kitambulisho chako. Kwenye boti Mtanzania analipa nauli ya shilingi ambayo ni ndogo kuliko ya mgeni, na sehemu kadhaa za kutembelea zina kiingilio cha wenyeji. Lakini lazima uonyeshe karatasi. Beba kitambulisho cha taifa, si kivuli chake cha miaka ile kilichofifia. Na kwa kuwa mko kwenye ndoa, pigeni picha cheti chenu kiwe kwenye simu. Baadhi ya nyumba ndogo za wageni za wenyeji wanaweza kuuliza, na Unguja swali hilo si la uchokozi. Ni mji wenye dini yake na heshima yake.

MSIENDE MWEZI WOWOTE TU

Machi hadi Mei ni masika, na mvua ya Unguja haina utani. Vichochoro vinageuka mifereji. Uzuri wake ni kwamba vyumba hushuka bei, kwa hiyo asiye na haraka ya jua anaweza kubahatisha. Juni mpaka Septemba hali ya hewa ni nzuri, ila upepo wa kusi unachafua bahari na boti inacheza. Kama tumbo lako ni dhaifu, kula kitu chepesi asubuhi na ukae nyuma, usijifanye shujaa wa kukaa mbele. Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, ambalo lilianza mwaka 2004. Muziki ni mtamu, lakini vyumba vinajaa na bei zinapanda. Kwa laki nne, dada, Februari pisha. Na Ramadhani mchana hakuna kula wala kunywa hadharani. Usiku wa Ramadhani ni mzuri ajabu, ila kwa safari ya kwanza ya watu wanaotafuta cha kuongea, nusu siku bila chai naona ni mtihani mkubwa mno.

Boti iendayo kasi kutoka Dar inachukua kama saa mbili. Mimi napenda ile ya mchana au jioni siku ya Ijumaa kuliko ya alfajiri, na ninayo sababu. Ijumaa kuanzia kama saa sita mchana maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa kwa ajili ya sala. Ukitua muda huo unakuta milango imefungwa, jua liko utosini, na mume wako anasema "si nilikwambia". Mkifika jua linazama mnakuta mji umeamka.

Mkishuka pale Malindi watawajia papasi. Ndivyo Wazanzibari wenyewe wanavyowaita vijana wanaowinda wageni bandarini: "kaka, hoteli? dada, teksi? visiwani kesho?" Si watu wabaya, wanatafuta riziki. Ila kila mahali watakapowapeleka wana chao, na chao kinatoka kwenye laki nne zenu. Jibu ni salamu nzuri, "ahsante, tunapokelewa", na kuendelea kutembea. Chumba tafuteni ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, mitaa ya Malindi, Hurumzi au Mkunazini, ili msilipe teksi hata moja siku zote mbili. Magari mengi ya huko ndani hayapiti hata mkitaka.

ULIZA SWALI SAHIHI

Dada hataki kuzungushwa kama mtalii. Vizuri. Watu wengi wakifika mji wa watu huuliza, "Wapi pazuri hapa?" Swali hilo mwenyeji atalijibu kwa adabu, na atakupeleka anakodhani wageni wanapenda. Wewe uliza, "Wewe jana ulikula wapi?" Muulize dada anayefagia nyumba ya wageni, mlinzi wa usiku, muuza kahawa. Na ukitajiwa mahali, usiulize kama ni pazuri, uliza wanafunga saa ngapi na chakula gani huwahi kuisha. Chakula kinachowahi kuisha ndicho mnachokifuata.

Nimewauliza watu wa Unguja ninaowafahamu swali hilohilo kwa ajili ya ukurasa huu, na jibu lililorudi mara nyingi kuliko yote ni urojo. Ule mchuzi wa njano wa unga wenye ukali wa ndimu au embe mbichi, ndani yake viazi, bhajia, katlesi, mishkaki, juu yake chatini na chipsi za muhogo. Kila Mzanzibari ana fundi wake wa urojo na yuko tayari kugombana kwa ajili yake. Kwa hiyo sitaji fundi yeyote, nisije nikaletewa barua. Kwa wali, biriani na samaki wa nazi, wengi walitaja Lukmaan, pale Mkunazini, ambako unachagua chakula kwa kukiona kwenye vyungu na unakaa meza moja na mtu yeyote.

Na Forodhani? Wenyeji walicheka kidogo, lakini hakuna aliyesema msiende. Bustani ile ilikarabatiwa ikafunguliwa upya mwaka 2009, na jioni vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani kwa mbwembwe zote huku watu wanashangilia. Nendeni usiku wa kwanza. Ushauri niliopewa ni huu: kula kinachopikwa mbele ya macho yako. Ile wanayoita pizza ya Zanzibar, chapati nyembamba inayokunjwa na nyama ya kusaga, yai na kitunguu kisha ikakaangwa. Juisi ya miwa iliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Mishkaki ya samaki na kamba iliyopangwa tangu magharibi iangalieni kwa macho tu. Na bei iulizwe kabla ya sahani kushikwa, si baada. Shemeji, kazi hiyo ni yako, wewe si ndiye mtunza hazina?

JUMAMOSI

Asubuhi nendeni Mkunazini, kwenye Kanisa Kuu la Anglikana. Hapa palikuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na ujenzi wa kanisa ukaanza mwaka huohuo, chini ya Askofu Edward Steere, ambaye wapenda Kiswahili wanamjua pia kwa kazi zake za sarufi na tafsiri. Inaelezwa kuwa altare iko pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Ndani kuna msalaba wa mbao za mti ule wa Chitambo, Zambia, ambako moyo wa Livingstone ulizikwa. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs ya mwishoni mwa miaka ya 1990. Mtashushwa pia kwenye vyumba viwili vya chini vyenye dari la kukuinamisha. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilijengwa baada ya soko kufungwa, na mwongozo mzuri hatakasirika ukimuuliza hilo.

Utauliza, dada, kwa nini mtu atafutaye mapenzi nampeleka soko la watumwa asubuhi na mapema. Kwa sababu ndilo jambo kubwa kuliko yote lililotokea katika mji ule, na watu wengi waliopita pale walitoka bara, huko huko kwetu. Pia kwa sababu ya jambo dogo: mkitoka pale hakuna atakayeweza kusema "pazuri". Mtatembea kimya, halafu mmoja wenu atasema kitu cha kweli. Msiwahi kukipoza kwa kutoa simu.

Kutoka hapo ni hatua chache kufika Darajani. Jina ni la daraja kweli. Zamani mkondo wa bahari uliingia pale na kuutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo, hadi ulipofukiwa. Mkivuka barabara kuingia Ng'ambo, watalii wanapungua ghafla na bei ya chai inashuka. Pale vukeni. Mnunue karafuu na mdalasini huko, si kwenye maduka yenye vikapu vilivyopangwa rangi rangi.

Mchana laleni. Nasema kweli. Unguja mchana watu wanapumzika, nanyi mna watoto watatu. Lini mara ya mwisho mlilala mchana bila mtu kugonga mlango?

Saa kumi tokeni, na sasa mzunguko wa mapenzi. Anzieni ufukweni, Mizingani, kwenye majumba ya masultani. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, msitegemee kuingia. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Iangalieni kwa nje. Hapo jirani ndipo ilipo hadithi ninayotaka mwisimulie, ya Bibi Salme.

Alikuwa binti wa Sultan Said, kazaliwa mwaka 1844. Alijifundisha kuandika kwa siri wakati wasichana hawakufundishwa. Kijana mmoja Mjerumani, mfanyabiashara, Rudolph Heinrich Ruete, akawa jirani yake, nyumba kwa nyumba, na majirani wakaanza kuzungumza. Mwaka 1866, akiwa mjamzito, Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza mpaka Aden. Huko alibatizwa akaitwa Emily, wakafunga ndoa mwaka 1867, wakaenda Hamburg. Hapo ndipo senema ingeishia. Maisha hayakuishia hapo: mwaka 1870 Ruete alipata ajali ya tramu akafa, na mjane wa miaka ishirini na kitu akabaki Ujerumani na watoto wadogo watatu, kwenye baridi na lugha ya watu. Aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa mwaka 1886. Alirudi kuiona Unguja mara mbili, mwaka 1885 na 1888, lakini hakurudishwa kwenye nafasi yake. Akafa mwaka 1924, na inasimuliwa kuwa alizikwa na kimfuko cha mchanga wa Zanzibar.

Simameni pale kwenye vichochoro mkitazama jinsi nyumba zilivyokaribiana, dirisha linakaribia kugusa dirisha la pili, kisha muulizane: ingekuwa wewe, ungepanda ile meli? Msijibu harakaharaka. Shemeji, "hapana" ni jibu pia, mradi liwe na maelezo. Nimewahi kuwauliza swali hili wenzangu ofisini tukagawanyika nusu kwa nusu, na dada mmoja aliye kwenye ndoa ya raha mustarehe ndiye aliyesema angepanda bila kuaga. Kuna mambo humjui mtu mpaka umuulize la watu wengine.

Halafu Jaws Corner, kwa kahawa. Ni njia panda ya vichochoro yenye baraza za saruji pande zote, jina limetokana na ile senema ya papa ya mwaka 1975. Wazee wanacheza dhumna, bao, wanabishana siasa na mpira. Kahawa inamiminwa kwenye vikombe vidogo, chungu, haina maziwa, inasindikizwa na kashata. Ni baraza la wanaume zaidi, lakini mwanamke akiwa na mumewe, amevaa kwa stara, akasalimia, atapishwa nafasi. Shikamoo kwa wazee kwanza, kahawa baadaye. Msiwapige picha bila kuomba. Na msikae dakika tano mkaondoka. Mkikaa nusu saa mtaanza kuulizwa mnatoka wapi, mna watoto wangapi, na dada atamsikia mume wake akieleza familia yake kwa watu asiowajua. Hapo tega sikio.

Usiku, kama kuna taarabu, tafuteni. Culture Musical Club, iliyoanzishwa mwaka 1958, ina nyumba yake Vuga. Ulizeni nyumba ya wageni kama wiki hiyo kuna mazoezi au onyesho popote mjini. Kama hakuna, rudini mlipoagiza urojo.

MGAWANYO WA MADARAKA

Hili nalisisitiza kuliko vivutio vyote. Hela ya matumizi igaweni bahasha mbili. Ijumaa usiku na Jumamosi mchana anaongoza dada: anachagua njia, anachagua chakula, analipa. Jumamosi jioni na Jumapili anaongoza shemeji. Asiyeongoza haruhusiwi kusema "mimi ningepita kule". Mji Mkongwe lazima mtapotea, hilo ni hakika kama sala ya alfajiri. Vichochoro vimejipinda kiasi kwamba hata ramani ya simu inachanganyikiwa. Mkipotea, anayeongoza ndiye anayeuliza njia. Wanaume wengi kuuliza njia kwao ni kama kung'olewa jino, kwa hiyo wamama mna raha ya kutazama. Ukitembea moja kwa moja bila kukata tamaa, dakika kumi na tano hivi utatokea baharini au barabara kubwa ya Darajani. Hakuna anayepotea hadi kesho.

Na ada ya shule, kiwanja na yule shangazi myaache Tabata. Sisemi msiongee mambo mazito. Yakija yenyewe yapokeeni. Ninachokataza ni kufungua faili la nyumbani mkiwa kwenye foleni ya juisi.

Jumapili asubuhi chaguo ni lake shemeji, na nampa mawili. La kwanza ni Changuu. Boti za mbao zinaondoka karibu na ule mti mkubwa wa Mizingani, mwendo wa kama nusu saa. Kuna kobe wakubwa ambao ukoo wao uliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na jengo lililojengwa kwa nia ya kuwa jela miaka ya 1890, likaishia kuwa karantini. Boti ni bei ya chombo, si ya kichwa, kwa hiyo tafuteni wenzenu wa kuchangia, na jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe. La pili, kama hela imebana, ni kutembea tu kutazama milango. Ile ya juu mraba ndiyo ya Kiarabu ya zamani, yenye nusu duara juu na nakshi nyingi ni ya Kihindi iliyokuja baadaye, na vile vichuma vya shaba vinang'arishwa mpaka leo. Mpenzi wa muziki anaweza kupita Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946. Yamefunguliwa mwaka 2019. Mashamba ya viungo na msitu wa Jozani ni wa safari nyingine, siku mbili hazitoshi na msijaribu.

Tiketi ya kurudi iwe ya mchana au jioni Jumapili, na muwe bandarini mapema, kwani foleni ya wikiendi ni ndefu na kuna kukaguliwa mizigo. Mama mkwe mnunulieni karafuu na kanga, tena kanga aichague shemeji mwenyewe, asome na maneno yake vizuri kabla ya kulipa, maana kuna nyingine ukimpelekea mama mkwe ni vita. Watoto wapelekeeni kashata na halua ya Unguja, ile iliyofungwa kwenye kikapu cha ukili. Halua ikae chini ya kiti, si juu ya begi la nguo; joto la boti likiiyeyusha, mafuta yake hayatoki kwenye shati.